Miguu ya Ndege ya Mbao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ukaguzi na Matunzo

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: waliojenga ndege ya mbao kwa mikono yao wenyewe, na walioinunua kwa aliyeijenga bila kujua ndani kuna nini. Hao wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, ndiyo maana baadhi ya majibu ni marefu. Ninaposema "miguu" nina maana ya kila kitu kinachobeba ndege ikiwa ardhini: mguu wenyewe, springi au mpira wake, ekseli, gurudumu, breki, gurudumu la mkia au la pua, pamoja na ile sehemu ya kiunzi cha mbao ambako vyote hivyo vimefungwa. Sehemu hiyo ya mwisho husahauliwa sana, nayo ndiyo iliyobeba roho yako.

Nianzie wapi kukagua?

Anzia pale chuma kinapokutana na mti. Watu wengi huanza na tairi kwa sababu linaonekana, wakapanda hadi ekseli, wakachungulia breki, wakaridhika. Mguu wa chuma ukipinda utauona. Mti hauko hivyo. Mti unaweza kusagika ndani ya tundu la bolti, ukaoza nyuma ya bamba la chuma, ukaachana na gundi yake, na kwa nje rangi bado inang'aa.

Kuna jaribio moja linalochukua dakika tano. Inua gurudumu moja kwa jeki. Mwenzako ashike gurudumu kwa mikono miwili alitikise mbele na nyuma, kisha ndani na nje, bila kutumia nguvu nyingi. Wewe weka kidole chako pale bamba la chuma linapolalia mti, nusu ya kidole ikae juu ya chuma na nusu juu ya mti. Kama kuna mchezo, hata wa unywele, kidole kitausikia kabla jicho halijauona. Rudia kwenye kila bamba, kila bolti, pande zote mbili. Ukisikia mchezo, usikimbilie spana. Jiulize kwanza kilicholegea ni nati au ni tundu lililopanuka, maana nati ikikazwa juu ya tundu lililopanuka hunyamazisha dalili tu, ugonjwa ukabaki palepale.

Nilikaza bolti zote mwaka jana, mbona zimelegea tena?

Kwa sababu mti unapumua. Hewa ikiwa na unyevu mti huvimba, hewa ikikauka husinyaa, na hufanya hivyo kwa upana na unene, karibu haufanyi kabisa kwa urefu wa nyuzi zake. Chuma cha bolti hakijali unyevu. Matokeo yake ni kwamba bolti iliyokazwa vizuri msimu wa mvua hukutwa imelegea msimu wa ukavu, na hakuna mtu aliyeigusa.

Tupige hesabu. Chukua kipande cha mti wa sprusi chenye unene wa sentimita 5. Unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 16 hadi 8, kinaweza kusinyaa karibu milimita 1 ikiwa bolti inapita kwenye mwelekeo unaofuata mzingo wa pete za mti, na takriban nusu ya hapo ikiwa inapita kutoka kiini kuelekea ganda. Bolti ya ndege ya robo inchi yenye meno membamba ina meno 28 kwa inchi, yaani nati husogea milimita 0.9 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo msimu mmoja wa ukavu unaweza kulegeza nati kwa kiasi cha mzunguko mzima, ingawa nati yenyewe haijazunguka hata kidogo. Mstari wa rangi uliouchora kwenye nati utakuta uko palepale ukakudanganya kwamba mambo ni shwari.

Basi kagua kaza ya bolti zinazopita kwenye mti mara mbili kwa mwaka, hewa inapobadilika, si mara moja. Wala usitumie vipimo vya kaza vilivyoandikwa kwa ajili ya chuma kwa chuma. Vitasaga mti. Kaza hadi washa ianze tu kuubana mti, isizame. Washa yenyewe iwe ile pana, kubwa kuliko ya kawaida, ili mzigo utawanyike. Ukiona washa imejichimbia na kuacha duara la bonde, aliyetangulia alikaza kupita kiasi, na nyuzi za hapo zimeshakufa.

Je, kuna haja ya kuchomoa bolti, au kuzitazama kwa nje kunatosha?

Kutazama kwa nje hakutoshi. Nilijifunza hili kwenye ndege ya bawa la chini niliyosaidia kuikagua, miguu yake imefungwa kwenye boriti kuu ya bawa. Vichwa vya bolti vilikuwa safi, nati safi, hata rangi ya dhahabu ya kadimiamu, ile metali inayopakwa kuzuia kutu, bado ipo. Tulipochomoa bolti ya kwanza haikutaka kutoka. Ilipotoka, katikati yake, pale ambapo hakuna jicho linalofika, kulikuwa na kiuno: kutu ilikuwa imeila kwa urefu wa ukucha, na ndani ya tundu mti ulikuwa mweusi kama masizi. Nilipopitisha msharasi mwembamba kwenye ukuta wa tundu, nyuzi zilitoka kama unga wa kahawa, wala hazikukatika kama nyuzi. Kwa nje palikuwa pazima kabisa.

Maji hupenya kando ya bolti, yakakaa. Chuma kinapopata kutu, zile chembe za kutu nazo huudhuru mti unaozizunguka, zikiozesha nyuzi zake kikemikali hata pasipokuwa na kuvu. Ndipo huo weusi unapotoka. Kwa hiyo kila mwaka chomoa baadhi ya bolti kwa zamu, ili baada ya miaka michache zote ziwe zimetoka angalau mara moja. Ndege ukiwa umeinunua leo na hujui historia yake, zichomoe zote. Bolti moja moja, huku ndege imeegemezwa vizuri, usizifungue zote kwa mpigo.

Wakati wa kurudisha, pakaa vanishi au epoksi nyembamba ndani ya tundu, uiache ikauke kabisa, kisha ingiza bolti ikiwa imepakwa grisi. Tundu tupu lisilo na vanishi ni sawa na mdomo wazi unaokunywa maji, kwa sababu ndani yake zimo ncha za nyuzi zilizokatwa, na ncha za nyuzi hufyonza maji haraka mara nyingi kuliko ubavu wa ubao.

Tundu la bolti limepanuka. Nitoboe kubwa zaidi niweke bolti nene?

Si kabla ya kurudi kwenye michoro, au kwa mbunifu wa ndege kama bado anapatikana. Tundu likikua, umbali kutoka tundu hadi ukingo wa mti unapungua, na mti hupasuka kuelekea ukingo. Bamba la chuma nalo linapoteza nyama. Njia ambayo mara nyingi hukubalika ni kusafisha tundu hadi mti mzima, kuliziba kwa kigingi cha mti mgumu kilichogundishwa kwa epoksi, kisha kutoboa upya kwa kutumia bamba lenyewe kama kielekezi. Njia nyingine ni kugundisha bushi ya chuma au ya plastiki ngumu ya fenoli ili mzigo ulale kwenye eneo pana zaidi. Zote mbili zinahitaji mti unaozunguka tundu uwe mzima. Ukiwa umeoza, hakuna kigingi kitakachosaidia, kinachotakiwa ni kukata kipande na kuunga kingine kwa mshazari mrefu.

Nitajuaje kama mti umeoza au una unyevu mwingi?

Tumia masikio kwanza. Gonga kwa mpini wa plastiki wa bisibisi au nyundo ndogo ya plastiki, ukisogea sentimita mbili mbili. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Mti uliooza, au plaiwudi iliyobanduka, hujibu kwa sauti ya chini iliyokufa, kama unagonga mkate. Gonga upande wa kulia kisha mahali palepale upande wa kushoto, utofauti ndio unaokuambia kitu.

Kisha pua. Fungua vifuniko vya ukaguzi asubuhi kabla ndege haijapigwa na jua, uingize kichwa au angalau pua. Harufu ya uyoga ni harufu ya kuvu.

Halafu kipimo cha unyevu, kile chenye sindano mbili. Mti wa ndege unaotunzwa vizuri husoma kati ya asilimia 8 na 12 hivi. Kuvu huhitaji zaidi ya asilimia 20 ili kustawi, kwa hiyo kila usomaji unaokaribia hapo unataka maelezo: maji yanatoka wapi? Wala usifikiri unyevu ni hatari kwa sababu ya kuoza tu. Sprusi iliyolowa hadi nyuzi zake kushiba ina takriban nusu tu ya uwezo wa kuhimili mgandamizo ikilinganishwa na ile yenye unyevu wa asilimia 12.

Msharasi utumie mwisho, na mahali palipokwisha kukutia shaka tu. Kila tundu unalotoboa ni mlango mwingine wa maji, lizibe siku hiyohiyo.

Mahali pa kutazama kwa makini ni kila panapoweza kukusanya maji yanayorushwa na tairi: pembe za chini za kisanduku cha gurudumu, upande wa chini wa boriti nyuma ya mguu, na sakafu ya kiunzi mbele ya gurudumu la mkia. Hakikisha vitundu vya kutolea maji viko wazi. Nimeshakuta vimezibwa na rangi, na aliyevipaka alidhani anaipendezesha ndege.

Na gundi je?

Inategemea ni gundi gani, na kama hujui, ulizia. Kasini, gundi ya kale inayotokana na protini ya maziwa, huliwa na kuvu ikilowa. Gundi za yurea-fomaldehaidi ni imara zikiwa changa lakini joto na unyevu wa miaka mingi huzifanya kuwa kama kioo, zikapasuka. Resosinoli huvumilia maji na joto kuliko zote, ila inataka maungio yaliyobanana kweli. Epoksi huziba mianya, ila hulainika kwenye joto, ndiyo maana ndege ya mbao hupakwa rangi nyeupe au nyepesi.

Kwenye maungio ya miguu tafuta mstari wa rangi uliopasuka ukifuata mstari wa gundi. Jaribu kupitisha kipande chembamba cha chuma cha kupimia nafasi. Kikiingia, pameachana. Na kipande kikibanduka, kitazame uso wake: maungio mazuri yakivunjika hubeba nyuzi za mti pande zote mbili. Ukiona uso wa gundi laini unaong'aa, bila unyuzi hata mmoja, maungio hayo hayakushika tangu siku ya kwanza, na una sababu ya kuyatilia shaka mengine yote yaliyofanywa siku ile.

Nimetua kwa kishindo. Nikague nini kabla ya kuruka tena?

Kwanza, usiruke "mzunguko mmoja tu" kujaribu. Pili, kumbuka nguvu ilikopita. Magurudumu yaliposimamishwa na ardhi, mabawa yaliendelea kushuka kwa uzito wake. Kwa hiyo bawa lilipinda kuelekea chini, kinyume na lilivyozoea angani, na upande wa chini wa boriti ndio uliogandamizwa. Watu hukagua upande wa juu kwa sababu ndio wanaoufikia kwa macho. Kagua pande zote mbili, ila wa chini uutafute hata kama itabidi ulale chali.

Unachotafuta ni mpasuko wa mgandamizo. Hauonekani kama ufa wa kawaida. Ni mstari mwembamba sana unaokatisha nyuzi, kama mkunjo kwenye nguo iliyokaliwa, wakati mwingine umejikunjakunja kama ngazi. Zima taa, kisha laza tochi sambamba na mti ili mwanga upite ukifuata urefu wa nyuzi, mstari huo utatupa kivuli. Chini ya vanishi iliyochakaa huenda usiuone, itabidi uikwangue taratibu kwa msasa mwembamba. Mti wenye mpasuko huo umeshapoteza nguvu zake za kuvutwa pia, hata kama unaonekana mzima, na hakuna gundi inayoutibu.

Kisha tazama plaiwudi karibu na miguu: mikunjo, mawimbi, kona iliyofunguka, misumari midogo iliyoinua vichwa vyake chini ya rangi. Kama gurudumu lilipiga shimo au lilitua likiwa upande, boriti ilisokotwa, basi angalia mbavu za bawa za mbele na nyuma ya mguu pale zinapogundishwa. Pima kutoka ekseli ya kulia na ya kushoto hadi bolti ya mkia, vipimo vilingane na vile ulivyoandika zamani. Kama hukuwahi kuviandika, pima leo.

Halafu ndipo uende kwenye chuma: ekseli iliyopinda, bomba la breki lililobanwa, rimu iliyopasuka, weldi.

Ndege yangu inatumia kamba za mpira. Zinabadilishwa lini?

Mpira huzeeka ukiwa umekaa tu. Jua, mafuta na petroli huuharakisha. Kamba za mpira za ndege hufumwa zikiwa na nyuzi za rangi kwenye ala yake ya nje, zinazoonyesha mwaka na robo ya mwaka zilipotengenezwa, na rangi za miaka hujirudia kila baada ya miaka mitano. Kwa hiyo andika tarehe kwenye daftari pia, maana rangi peke yake haiwezi kukuambia kama kamba ina mwaka mmoja au sita. Mimi nazibadilisha zikifika miaka mitano hata kama zinaonekana nzuri.

Dalili za kuchoka ni ala iliyochanika au kunenepa, nyuzi za mpira zinazochungulia, na ndege kusimama ikiwa imeinamia upande mmoja au miguu kutanuka kuliko zamani. Badilisha pande zote mbili pamoja. Angalia pia kebo ya usalama inayozuia mguu usifunguke kamba ikikatika, iwepo na isiwe na uzi uliokatika. Kuzivalisha kamba mpya ni kazi ya hatari: zimevutwa kwa nguvu inayoweza kuvunja vidole au kutoa jicho. Tumia kifaa chake maalumu, vaa miwani, usisimame kwenye njia ambayo kamba itapita ikiponyoka.

Wapo wanaotumia vipande vya mpira vinavyogandamizwa badala ya kuvutwa. Ni mpangilio wa kuaminika, hata Mosquito, ndege ya kivita ya mbao ya Uingereza, ilisimama juu ya vipande vya namna hiyo. Vipande hivyo vikague kama vimepasuka, vimebonyea moja kwa moja au vimekuwa vigumu kama mti.

Miguu yangu ni ya mbao. Inakaguliwaje?

Mfano mzuri ni Fly Baby, ndege iliyobuniwa na Pete Bowers, iliyoshinda shindano la ubunifu la chama cha wajenzi wa ndege cha Marekani, EAA, mwaka 1962. Miguu yake ni ya mbao zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, ekseli moja inapita kutoka gurudumu hadi gurudumu, na waya zinazuia mfumo usiende upande. Haina springi, kinachomeza mshtuko ni tairi zenye upepo mdogo. Kwa hiyo ukizidisha upepo kwenye tairi ili ndege isukumike kwa urahisi, umeondoa shokapu pekee uliyo nayo, na mti ndio utakaolipa.

Kwenye miguu kama hiyo angalia ncha ya chini kabisa, pale ekseli inapopita. Ni ncha ya nyuzi, iko karibu na matope, na hunyunyiziwa maji kila siku. Angalia tabaka zisiwe zinafunguka pembeni. Waya zisiwe na uzi uliokatika (pitisha kitambaa, kitanasa), mikono ya shaba iliyobana ncha zake isiwe imeteleza, na kwenye vikaza waya yasionekane meno zaidi ya matatu nje ya pipa lake la katikati, upande wowote. Waya ya kufungia usalama iwepo.

Na miguu ya chuma?

Kwa mabomba yaliyolehemiwa, safisha kwanza. Uchafu na grisi huficha nyufa. Kisha tazama kando ya weldi kwa kioo cha kukuza mara kumi. Ufa huanza pembeni ya weldi, mara chache katikati yake, na dalili ya kwanza ni rangi iliyopasuka ikitoa mstari wa kahawia. Ukishuku, tumia dawa ya rangi nyekundu inayopenya nyufa. Bomba huliwa na kutu kwa ndani pia, kwenye sehemu ya chini kabisa ambako maji hutulia. Msharasi ukibonyeza hapo na chuma kikaitikia, bomba limekwisha.

Kwa miguu ya springi ya chuma bapa, adui ni mkwaruzo na kutu ya vishimo. Tazama chini ya vibanio na tepu zinazoshikilia bomba la breki, maji hukaa hapo. Springi huvunjika kuanzia kishimo kidogo usichokipa uzito.

Tairi na rimu zinahitaji nini?

Pima upepo kwa geji, si kwa teke. Chora mstari mwekundu unaokatisha kutoka tairi hadi rimu. Mistari ikiachana, tairi limeteleza juu ya rimu na litakata shina la valvu ya tyubu.

Na hili lisomwe mara mbili: rimu nyingi za ndege ndogo zimeundwa kwa nusu mbili zilizoshikwa na bolti. Toa upepo wote, chomoa na kiini cha valvu, ndipo ufungue bolti hizo. Rimu iliyofunguliwa ikiwa na upepo hurusha nusu zake kama bomu, na imeua watu.

Beringi nizipake grisi mara ngapi?

Kila mwaka, na kila mara baada ya kupita kwenye maji yaliyofika ekseli. Osha grisi ya zamani yote, tazama kama kuna vishimo, magamba yaliyobanduka au rangi ya bluu ya kuungua, kwenye vigurudumu vyake na kwenye kikombe. Usizizungushe kwa hewa ya kompresa, zinaweza kufumka. Jaza grisi kwa kiganja hadi itokee upande wa pili. Usichanganye aina mbili za grisi. Kaza nati ya ekseli huku ukizungusha gurudumu hadi lianze kuwa zito kidogo, rudisha hadi tundu la karibu la pini, hakikisha hakuna mchezo, na weka pini mpya.

Breki zinaweza kudhuru mti?

Ndiyo, kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto: diski iliyotumika sana huchemka, na ikiwa imejificha ndani ya kifuniko cha gurudumu karibu na mti uliogundishwa kwa epoksi, gundi hulainika. Nati za kujifunga zenye pete ya nailoni nazo hazifai panapozidi nyuzijoto 120 hivi, hapo weka za chuma tupu. Ya pili ni mafuta yanayovuja. Mti uliolowa mafuta haushiki gundi tena, kwa hiyo tone la leo linakunyima ukarabati wa kesho.

Mafuta ya breki za ndege ndogo nyingi ni yale mekundu ya asili ya madini. Ya magari ni ya aina nyingine kabisa. Ukiyachanganya, mipira ya ndani huvimba na breki hushindwa. Pedi za breki za diski za chapa ya Cleveland hubadilishwa zikibaki inchi 0.100, yaani milimita 2.5.

Ndege inavuta upande mmoja ikikimbia ardhini. Ni breki au magurudumu?

Inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likiwa zito, ni breki au beringi. Yakiwa mepesi yote mawili, pima uelekeo.

Weka chini ya kila gurudumu mabati mawili yaliyopakwa grisi katikati, ili miguu iweze kujitanua bila kuzuiwa na msuguano. Sukuma ndege mbele hadi ipande juu yake, itikise kidogo. Laza ubao ulionyooka ukigusa mbele ya tairi zote mbili, simamisha skwea ya seremala juu ya ubao huo ikielekea kwenye gurudumu, na pima nafasi hadi ukingo wa rimu mbele na nyuma ya ekseli.

Kwa ndege ya gurudumu la mkia, magurudumu yawe sambamba kabisa au yafunguke mbele kidogo sana. Yasifunge mbele. Ndege ikianza kugeuka kushoto, uzito huhamia gurudumu la kulia. Kama limefunga mbele, linaelekea kushoto, na linaongeza mgeuko. Ukifika hapo, ndege huzunguka ghafla ardhini, na mzunguko huo ndio unaovunja miguu ya pembeni na boriti.

Gurudumu la mkia linatetemeka kwa nguvu nikitua.

Tazama ndege kwa ubavu ikiwa imebeba mzigo wake wa kawaida. Mhimili ambao gurudumu hugeukia unatakiwa uwe wima. Springi ikichoka na kulala, kichwa cha mhimili huinamia mbele, na hapo mtetemo huanza. Rekebisha springi kwanza, kabla hujabadilisha chochote kingine. Halafu kagua mti ambao springi imefungwa, kwa sababu mtetemo wa mwezi mmoja hupanua matundu ya bolti kuliko kutua kwa miaka miwili.

Ndege yangu ina miguu ya kukunja. Kuna la ziada?

Lipo, na ni zaidi ya ukurasa huu. Falco ya mbunifu wa Italia Stelio Frati, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955, ni mfano wa ndege ya mbao yenye miguu hiyo. Kwa ufupi: kila mwaka iinue, ikunje na kuikunjua mara kadhaa ukitazama kufuli zikijifunga, jaribu njia ya dharura hadi mwisho, na angalia visanduku vya magurudumu kwa tochi, maana hubeba maji hadi angani.

Niweke jeki wapi?

Chini ya bamba la chuma au mahali palipoonyeshwa kwenye michoro. Kamwe si chini ya plaiwudi tupu. Funga mkia kwa uzito ili ndege isiinamie pua, weka vizuizi kwenye gurudumu lililobaki chini, na usiingie chini ya bawa lililoshikwa na jeki peke yake.

Bolti za duka la vifaa vya ujenzi zinafaa?

Hapana. Hujui chuma chake, na meno yake huanza mapema mno, yakaishia ndani ya bamba au mti na kulikeketa tundu kama msumeno. Bolti za ndege za AN, yaani za kiwango cha Marekani cha vifaa vya ndege, zina alama ya msalaba au nyota kichwani na sehemu laini ya urefu unaochaguliwa ulingane na unene wa vinavyoshikwa. Nati ya kujifunga inayoingia yote kwa vidole tupu imekwisha, itupe.

Niandike nini kwenye daftari?

Vipimo, si "iko sawa". Andika usomaji wa unyevu kwa kila sehemu na tarehe, bolti zipi zimechomolewa na zilikuwaje, umbali wa ekseli hadi mkia kwa kila upande, unene wa pedi, tarehe ya kamba za mpira, na kila kutua kwa kishindo hata kama hukukuta kitu. Sheria za nani anaruhusiwa kutia saini hutofautiana kwa kila nchi, zifuate zako. Lakini hata pale unaporuhusiwa kusaini mwenyewe, mwite mtu mwingine anayejua mbao akague miguu baada yako, umpe tochi na msharasi, usimwambie umeona nini.